Sajili ya Maegesho: Lugha ya Kanuni na Vibali vya Magari Chuoni

Utangulizi

Wanafunzi wa isimujamii wanapotakiwa kutoa mifano ya sajili, aghalabu hukimbilia mahakama, hospitali, uwanja wa mpira na mahubiri. Ni nadra kwa mwanafunzi kutaja lango la chuo chake, ingawa hulipita kila siku na kusikia pale lugha yenye msamiati wake, sarufi yake na adabu zake. Makala haya yanachunguza lugha inayotumiwa katika kanuni na vibali vya kuegesha magari katika vyuo vikuu vya Kenya. Hoja yake kuu ni kwamba ukali wa katazo si sawa na uwazi wake. Kanuni isiyotaja nani anakatazwa, nani ataadhibu na malalamiko yapelekwe wapi huonekana kali, lakini mzigo wa kuieleza humwangukia mlinzi wa lango, naye ndiye mwenye mamlaka madogo kuliko wote.

Mifano ya matangazo, mazungumzo na kanuni iliyomo humu imetungwa kwa ajili ya mafunzo, kwa kufuata aina za matini zinazofahamika vyuoni. Haikunakiliwa kutoka katika chuo chochote mahsusi.

Maegesho kama Muktadha wa Lugha

Dhana ya sajili hurejelea namna lugha inavyobadilika kulingana na matumizi yake. Mwanaisimu M.A.K. Halliday (1925–2018) alipendekeza kwamba muktadha wa matumizi uchunguzwe kwa kuangalia mambo matatu: shughuli inayoendelea, uhusiano wa washiriki, na njia ambayo lugha inapitia, kama vile maandishi au mazungumzo. Mambo haya yanafaa sana katika kuchunguza maegesho ya chuo.

Tukianza na shughuli, maegesho ni suala la kugawa kitu kichache miongoni mwa watu wengi. Bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi limo katikati ya jiji, hivyo ardhi yake haiwezi kupanuka. Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilichoko Kahawa kando ya barabara ya Thika, kina eneo pana zaidi, lakini hata katika bewa pana kila dereva hupenda kuegesha karibu na mlango anaouendea. Zaidi ya hayo, mpango wa wanafunzi wanaojifadhili ulipoanza katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1998, watu wenye ajira waliweza kuja masomoni jioni baada ya kazi, na miongoni mwao wamo waliokuja kwa magari yao. Mwanafunzi na mhadhiri wakajikuta wakiwania nafasi moja.

Kuhusu washiriki, maegesho huwakutanisha watu wa tabaka zote za chuo: Makamu wa Chansela, wahadhiri, makarani, wanafunzi, wageni, madereva wa teksi na walinzi. Hapana ofisi nyingine chuoni ambamo mlinzi humzuia profesa, akamtaka ajieleze. Clark Kerr, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha California kuanzia mwaka 1958 hadi 1967, aliwahi kutania kwamba wahadhiri wa chuo kikuu huunganishwa na lalamiko lao la pamoja kuhusu maegesho. Mzaha huo unaeleweka Nairobi na Eldoret kama unavyoeleweka Marekani.

Ama kuhusu njia, lugha ya maegesho hupitia njia mbili. Ipo lugha ya maandishi katika mabango, stika na fomu za vibali, ambayo vyuoni kwetu huelekea kuwa ya Kiingereza. Ipo pia lugha ya mazungumzo langoni, ambayo huelekea kuwa Kiswahili. Pengo kati ya njia hizi mbili ndilo kiini cha tatizo linalojadiliwa hapa.

Msamiati: Egesha, Paki na Kibali

Kitenzi cha msingi katika sajili hii ni egesha. Kitenzi hiki kina mzizi mmoja na egama na egemea, vyenye maana ya kulalia au kutegemea kitu kando. Kabla ya magari kuenea, watu wa pwani walikuwa wakiegesha vyombo vya bahari, yaani kuvileta ubavuni mwa bandari au mwa chombo kingine. Gari lilipofika, neno lilikuwepo tayari. Kutokana nalo tumepata nomino maegesho, na kauli ya kutendea katika kirai kama vile "mahali pa kuegeshea magari".

Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya, watu wengi husema kupaki. Mwanafunzi wa Kiswahili hana sababu ya kulidharau neno hili. Ni neno la mkopo lililokubali viambishi vya Kiswahili kikamilifu: amepaki, nimepakiwa mbele, umepaki vibaya. Tofauti ya egesha na paki ni tofauti ya sajili: la kwanza hukaa vizuri katika bango, la pili katika kinywa cha utingo na cha mlinzi. Mwandishi wa kanuni anayetumia egesha anapaswa kujua kwamba msomaji wake atalitafsiri kimoyomoyo kuwa paki, na kwamba hakuna kinachopotea.

Kibali ni neno zito zaidi. Lina asili moja na kubali, na kwa hiyo humaanisha kwamba mwenye mamlaka amekubali jambo fulani lifanyike. Ni muhimu kukitofautisha kibali na haki. Mwenye kibali cha kuegesha amekubaliwa kutafuta nafasi katika eneo fulani. Hajahakikishiwa kwamba ataipata. Ugomvi mwingi wa maegesho huanzia katika mkanganyiko huu wa kimaana. Dereva aliyelipia kibali huona kwamba amenunua nafasi, ilhali ofisi iliyokitoa huona kwamba imetoa ruhusa tu. Iwapo vibali ni vingi kuliko nafasi, mkanganyiko hugeuka kuwa uhasama. Kanuni nzuri hailiachi jambo hili lidhaniwe, bali hulitamka.

Suala jingine la msamiati ni vifupisho. Maegesho ya vyuo vya Kenya yana mabango yenye herufi kama VC na DVC, ambazo mgeni anayefika kwa mara ya kwanza hana njia ya kuzifumbua. Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley kinajulikana kwa nafasi zilizotengewa washindi wa Tuzo ya Nobel, na mabango yake hutumia herufi NL peke yake. Kwa mwenyeji, herufi hizo ni heshima kubwa. Kwa mgeni, ni herufi mbili tu, na faini atakayotozwa haitapungua kwa sababu hakuzielewa. Kifupisho basi hugawa wasomaji kuwa walio ndani na walio nje hata kabla katazo halijasomwa.

Sarufi ya Katazo

Mwanafalsafa J.L. Austin, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake, alionyesha kwamba kusema ni kutenda. Anayesema "naahidi" haelezi ahadi, bali anaitoa. Vivyo hivyo, bango la maegesho halielezi hali ya mahali, linakataza. Kwa hivyo umbo la kisarufi linalochaguliwa linapaswa kubeba tendo hilo bila kutatiza. Linganisha maumbo yafuatayo:

(a) Hakuna maegesho.
(b) Usiegeshe gari hapa.
(c) Ni marufuku kuegesha gari hapa.
(d) Hapa hapaegeshwi magari.
(e) Tafadhali usiegeshe gari hapa.
(f) Gari la wagonjwa hupitia hapa. Usiegeshe.

Sentensi (a) ina utata. Hakuna ni kikanushi cha kuwepo, na msomaji anaweza kuelewa kwamba nafasi zimejaa au kwamba chuo hakina mahali pa kuegesha. Kweli, mzazi akimwambia mtoto "leo hakuna kutoka", katazo hueleweka. Lakini linabebwa na sauti na uso wa mzazi, na bango halina sauti wala uso.

Sentensi (b) ni amri kanushi. Ni fupi, na humlenga msomaji moja kwa moja kwa kiambishi cha nafsi ya pili umoja. Sentensi (c) humwondoa msomaji na kuliweka katazo kuwa hali ya kisheria. Inafaa pale ambapo kuna adhabu nyuma yake. Pasipo na adhabu, marufuku huwa tisho tupu, na wasomaji hulizoea upesi.

Sentensi (d) inastahili kutazamwa kwa makini, kwani ni umbo ambalo Kiswahili hulijenga kwa namna yake. Mahali pamefanywa kiima cha sentensi kwa kiambishi cha ngeli ya mahali, pa-, na kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa. Ni sarufi ileile ya "hapa hapapitwi" au "hapa hapauzwi pombe". Katazo linatolewa kana kwamba ni desturi ya mahali penyewe. Halimshambulii mtu, wala haliachi shaka. Mfasiri anayetoka katika Kiingereza neno kwa neno hawezi kulifikia umbo hili, kwa kuwa Kiingereza hakina upatanisho wa namna hiyo.

Sentensi (e) huongeza adabu. Wapo wanaodai kwamba tafadhali hudhoofisha katazo na kulifanya ombi. Dai hilo lina ukweli pale ambapo bango moja linasema tafadhali na la pili linatoza faini, kwa sababu msomaji hawezi kujua kama anaombwa au anaamriwa. Sentensi (f) hutatua tatizo hilo kwa njia nyingine: hutanguliza sababu, kisha amri. Dereva aliyeambiwa kwamba gari la wagonjwa hupitia hapo amepewa heshima kubwa kuliko ile ya tafadhali, kwani amechukuliwa kuwa mtu anayeweza kuelewa sababu.

Tafsiri Sisisi na Hasara Zake

Pale ambapo kanuni za maegesho hufasiriwa kutoka Kiingereza, kuna hatari ya kutumia tafsiri sisisi. Mifano mitatu inatosha.

Kwanza, nafasi iliyotengwa huandikwa "Imehifadhiwa". Kuhifadhi ni kutunza kitu kisiharibike au kisisahaulike: tunahifadhi chakula, mazingira na Korani. Nafasi ya gari haihifadhiwi, bali hutengwa, na yule anayetengewa anapaswa kutajwa. "Imetengewa watu wenye ulemavu" ni taarifa kamili. "Imehifadhiwa" ni fumbo. Tofauti hii si ya urembo wa lugha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuvifikia vyuo na mahali pote kwa njia ifaayo. Nafasi iliyo karibu na mlango wa ukumbi ikitwaliwa na dereva ambaye hakuelewa bango, mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu ndiye anayekosa mhadhara.

Pili, lipo onyo kwamba magari huegeshwa "kwa hatari ya mwenyewe". Kirai hiki kina kasoro mbili. Neno hatari humpa msomaji picha ya ajali au mnyama mkali, ilhali linalokusudiwa ni hasara. Aidha, mwenyewe anaweza kuwa mwenye gari au mwenye mahali. Katika Kiswahili cha kawaida, "mwenyewe yuko wapi?" ni swali linaloweza kumhusu yeyote kati ya hao wawili. Ingetosha kuandika: "Kitu kikiibwa au gari likiharibika, chuo hakitalipa." Inawezekana kwamba mwandishi wa kanuni ataliogopa tamko hilo kwa jinsi lilivyo wazi. Iwapo ataliogopa, basi afaa kujiuliza kama alikuwa akieleza au akificha.

Tatu, hutangazwa kwamba magari yasiyo na kibali "yatafungwa". Yatafungwa vipi? Mlango wa gari hufungwa, mtu hufungwa gerezani, na timu hufungwa bao. Kinachokusudiwa ni kwamba gurudumu litafungiwa chuma ili gari lisiondoke. Zaidi ya hayo, kauli ya kutendwa imetumiwa bila kumtaja mtenda. Kauli ya kutendwa yenyewe haina kosa; Kiswahili kinaruhusu "yatafungwa na walinzi". Kosa ni ule ukimya. Adhabu isiyo na mtenda haina mtu wa kuulizwa, na dereva aliyekasirika humwendea yeyote aliyesimama karibu. Anayesimama karibu siku zote ni mlinzi.

Mazungumzo ya Langoni

Tazama mazungumzo haya kati ya mlinzi wa makamo na mhadhiri:

Mlinzi: Habari ya asubuhi, daktari. Samahani, sioni stika.
Mhadhiri: Nzuri, mzee. Ninayo, imebaki katika lile gari jingine.
Mlinzi: Nimekuelewa, lakini stika hufuata gari, haifuati mtu. Wacha nikuandikie kadi ya mgeni.
Mhadhiri: Mimi mgeni hapa, mzee? Nimefunza hapa miaka kumi.
Mlinzi: Najua, daktari, nakujua vizuri. Lakini mkubwa akipita akute gari halina stika, ataniuliza mimi.

Mazungumzo haya mafupi yana mengi ya kumfunza mwanaisimu. Kila mshiriki anatumia neno la heshima. Mlinzi anatumia cheo cha kitaaluma, mhadhiri anatumia heshima ya umri. Kwa kufanya hivyo wanasawazisha, japo kwa muda, uhusiano ambao kimamlaka umepinda: aliye na cheo kidogo ndiye anayezuia.

Jambo la pili ni namna mlinzi anavyoifasiri kanuni. Yamkini kibali kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba hakiwezi kuhamishiwa gari jingine. Mlinzi hatafsiri maneno hayo. Anasema "stika hufuata gari, haifuati mtu". Ametumia kiambishi hu-, ambacho ndicho kiambishi cha methali nyingi za Kiswahili, na kwa hicho kanuni ya ofisi imepata uzito wa hekima inayojulikana na wote. Ameongeza ulinganifu wa sehemu mbili, kama methali ilivyo. Tafsiri hii ni bora kuliko ambayo kamati ingeweza kuitunga, na imetoka kinywani mwa mtu ambaye pengine hakuhusishwa katika kuiandika kanuni.

Jambo la tatu ni neno mgeni. Katika lugha ya ofisi, mgeni ni gari lisilo na stika. Katika lugha ya watu, mgeni ni mtu asiye wa hapa. Mhadhiri ameumizwa na maana ya pili ilhali mlinzi amekusudia ya kwanza. Kadi hiyo ingeitwa "kadi ya siku", ugomvi usingezuka.

Mwisho, sentensi ya kufungia ndiyo nzito kuliko zote: "ataniuliza mimi". Kanuni iliyokaa kimya kuhusu mtenda imempata mtenda wake. Mlinzi akimruhusu mhadhiri, atalaumiwa na mkubwa wake. Akimkataza, atalaumiwa na mhadhiri. Ajira yake imo katika nafasi hiyo nyembamba. Hapa ndipo uchaguzi wa maneno unapoacha kuwa suala la darasani.

Kuiandika Upya Kanuni

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kukiweka pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kifungu cha 47 nacho kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa na taratibu za utawala, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoathiriwa. Vifungu hivi havikutungwa kwa ajili ya maegesho, lakini vinatoa kipimo kizuri: anayeadhibiwa aweze kuisoma kanuni, na ajue pa kulalamikia. Kwa kipimo hicho, nyuma ya kibali panaweza kuandikwa hivi:

1. Kibali hiki ni cha gari lenye nambari iliyoandikwa mbele tu. Ukibadilisha gari, omba kibali kingine.
2. Kibali kinakuruhusu kuegesha katika eneo la wafanyakazi. Hakikuwekei nafasi.
3. Usiegeshe katika nafasi za watu wenye ulemavu, mbele ya mlango wa dharura, wala katika njia ya gari la zimamoto. Ukiegesha hapo, walinzi wataagizwa na ofisi ya usalama kulifungia gurudumu chuma, na utalipa faini kabla halijafunguliwa.
4. Kitu kikiibwa au gari likiharibika, chuo hakitalipa.
5. Ukiona umeadhibiwa kimakosa, iandikie ofisi ya usalama katika muda wa siku 7. Utajibiwa kwa maandishi.

Kanuni hizi tano hazina neno gumu, na hazikosi ukali. Kila moja inamtaja mtenda au mtendwa wake. Ya tatu inamwondolea mlinzi lawama kwa kuitaja ofisi iliyomwagiza. Ya tano inampa dereva mlango wa kupitia badala ya mtu wa kugombana naye.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba sajili ya maegesho ina msamiati wa kutosha katika Kiswahili, ukiwemo ule wa zamani wa baharini na ule mpya wa mkopo. Yameonyesha pia kwamba sarufi ya Kiswahili ina njia nyingi za kukataza kwa uwazi, na kwamba walinzi huzitumia kwa ustadi kila siku. Kinachokosekana ni waandishi wa kanuni walio tayari kujifunza kutoka langoni. Wanafunzi wa Kiswahili wanaotafuta kazi ya kuifanyia lugha yao wanaweza kuanzia hapo, kwa kujitolea kufasiri mabango na vibali vya vyuo vyao, na kwa kumsomea mlinzi rasimu ya tafsiri kabla ya kuipeleka kwa msajili. Atakapokwama mlinzi, ndipo penye kasoro.

Maswali ya Zoezi

1. Eleza tofauti ya kimaana kati ya kibali, ruhusa, idhini na haki, ukitunga sentensi moja ya sajili ya maegesho kwa kila neno.
2. "Hapa hapaegeshwi magari." Changanua upatanisho wa kisarufi katika sentensi hii, kisha utunge makatazo mengine matatu ya chuoni kwa umbo hilohilo.
3. Chagua bango moja la Kiingereza katika chuo chako. Litafsiri kwanza kisisisi, kisha kimawasiliano. Jadili kinachopotea na kinachopatikana katika kila tafsiri.
4. Jadili matumizi ya kiambishi hu- katika kutoa kanuni, ukilinganisha mlinzi wa lango na mtunzi wa methali.